Mukwe Aliyefika Bila Kulala Njiani

Muntu akiniuliza kutoka Albertville mpaka Usumbura kwa ndege ni mwendo gani, ninamwuliza kwanza: wewe unauliza ya nini? Si kwamba sijui. Ninajua sana. Mwendo ule nusura uniache kwetu Baraka bila mume, na yeye nusura afukuzwe kwetu kwa mawe. Albertville ni Kalemie ya leo, na Usumbura ni Bujumbura, maana vijana wa sasa ukitaja majina ya wakati wa Wabelgiji wanakuangalia kama umetaja miji ya Biblia. Ni saa moja na kidogo. Unapanda asubuhi upande wa kusini, unashuka upande wa kaskazini wa ziwa, na chai uliyokunywa kabla ya kupanda bado iko tumboni. Kilomita, wanasema, hazifiki mia tatu. Kilomita mimi sijaiona hata moja kwa macho, kwa hiyo hapo siapi.

Kwetu Baraka safari ilipimwa kwa malalo. Lalo ni mahali unapolala njiani. Ukisema unapanda Fizi, wanakuambia hakuna lalo, ni mlima tu, utafika na magoti yanatetemeka na baridi ya Fizi itakupokea. Ukienda Misisi kuna malalo, inategemea miguu yako na mzigo wako. Kwenda Albertville kwa mtumbwi, unalala Kazimia, unalala Yungu, unalala Kabimba, na katikati kuna fukwe nyingine ambazo hazina jina, zina mbu. Muntu akirudi safari, hakuna anayemwuliza ametumia siku ngapi. Anaulizwa: ulilala wapi, na kisha wapi, na nani alikupikia? Akiruka lalo moja, bazee wanaangaliana. Wanajua alipotea njia, au alikuwa na mwanamke, au kuna kitu anaficha. Marehemu mama yangu alimkamata baba mara mbili kwa njia hiyo. Nitaacha hayo, mama alikwisha kumsamehe, au alisema amesamehe.

Sasa kuna muntu mmoja tu ambaye hana malalo, naye ni mulozi. Mulozi anatoka kwake, anafika kwako, anafanya anachofanya, anarudi, na mkeka wake haujapoa. Hilo tulilijua tangu utoto, hata sisi tuliosoma kwa bamama wa misheni. Mimi nilisoma darasa mbili. Nyimbo ninazijua nyingi, hesabu kidogo.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi uwanja wa ndege wa Albertville, kupakia na kupakua. Magunia ya posta, masanduku, mizigo ya bazungu. Tuliishi huko karibu na uwanja, na mimi ndege sikuzipenda hata siku moja. Kitu kinachopiga kelele kabla hujakiona, na ukikiona kinakuwa kimekwisha kuondoka, kitu hicho hakina adabu. Lakini kilichonisumbua zaidi kwa mume wangu haikuwa ndege. Ilikuwa Mboko. Mama yake mzazi alikuwa wa Mboko, pale barabarani kutoka Uvira kuja Baraka, na kabla yangu kulikuwa na binti wa huko, muuza mihogo, ambaye walikaribia kuoana. Walikaribia tu, yeye alisema. Nilimwuliza walikaribia mpaka wapi, hakujibu vizuri.

Basi mwaka ule baba yangu akavimba miguu na pumzi ikawa fupi. Nikarudi Baraka kumwuguza. Nilipoona hali inazidi kuwa mbaya, nikamwambia baharia mmoja wa masuwa aende amwambie mume wangu kwa mdomo: baba iko mugonjwa, ukuye. Masuwa ikaondoka. Nikangoja. Hakuna jibu. Nikaanza kujisemea moyoni kwamba labda baharia hakumkuta Albertville. Labda mume wangu hayuko Albertville. Mwanamke akikaa peke yake karibu na mgonjwa anafikiri mambo mengi, na mengi yake yana uso wa mwanamke mwingine.

Baba alikufa asubuhi moja, jua likiwa limepanda kidogo. Wakamtuma muntu Fizi kumwita yaya wangu, kaka wa kunitangulia, ambaye alikuwa kantonye, mmoja wa wale waliotengeneza barabara ya serikali. Yule muntu alikuwa hajarudi bado. Bamama walikuwa wamejaa uani, kilio kimepamba moto, jua limeinama, tukasikia kamiyo, lori la mizigo, inasimama barabarani. Kamiyo ya kutoka Uvira. Akashuka mume wangu. Suruali imekunjamana, na chini ya kwapa amebeba blanketi mpya, bado ina karatasi ya duka.

Lazima niseme hapa, kwetu blanketi ya kumzikia mzee inaletwa na mukwe. Mukwe anapata habari, ananunua blanketi, anakuja. Ndiyo heshima yake. Lakini anaileta baada ya kupata habari. Huyu wetu alifika nayo siku ile ile, kabla hata yaya hajashuka kutoka Fizi, pale juu tu. Kilio kikakatika. Nimeona misiba mingi katika maisha yangu, sijaona tena kilio kinakatika vile, kama sufuria iliyofunikwa.

Baba mudogo, yule aliyemfuata baba yangu kwa kuzaliwa, ndiye aliyesimama. Hakumpa mkono.

"Mukwe, nani alikuitia?"

"Kwa kilio, hapana muntu. Nilisikia baba iko mugonjwa, njo nimekuya."

"Na hii blanketi?"

"Ya kumufunika. Niliwaza anasikia baridi."

"Unatoka wapi?"

"Albertville."

"Uliondoka siku gani?"

Mume wangu akaangalia jua. Alikuwa muntu wa kusema kweli bila kufikiri kwanza, na huo ni ugonjwa kama mwingine. Akasema, "Leo asubui."

Mama yangu alivuta kitenge chake akafunika uso, kwa sababu ya mukwe wake kuwa mbele yake au kwa sababu ya jibu, sijui. Na mimi? Wengine walifikiri uchawi. Mimi nilifikiri Mboko. Kamiyo ya Uvira inapita Mboko. Nikasema moyoni, huyu hakutoka Albertville leo wala jana. Huyu alikuwa kwa yule wa mihogo, akasikia kwa wapita njia kwamba baba yangu anakata roho, akanunua blanketi haraka ili aje kujionyesha. Nikamwona mwongo. Ajabu ni kwamba nilikuwa ninamtetea bila kujua, maana mwongo hafukuzwi kwa mawe.

Baba alizikwa kwa kitenge cha mama. Blanketi ya mume wangu ilikaa juu ya kiti nje, na hakuna aliyeigusa. Batoto wenyewe walizunguka mbali.

Siku za kilio zilipokwisha, bazee wakaingia lubunga, ile nyumba ya mikutano ya wanaume. Sisi bamama tulikaa nje karibu na ukuta, tunachambua sombe, majani ya mihogo, ambayo ilikuwa imekwisha kuchambuliwa. Neno lilikuwa moja: kifo hiki kimetoka wapi. Na uamuzi nao ulijulikana kabla. Kama mukwe hana malalo, mimi sirudi naye. Nitabaki kwetu, na yeye arudi njia aliyojia, kama anayo.

Yaya wangu alikuwa ameshuka kutoka Fizi kwa hasira. Yeye ndiye aliyeanza. Nilimsikia vizuri, ana sauti ya barabarani.

"Shemeki, tuelezee. Kazimia ulilala kwa nani?"

"Sikulala Kazimia. Nilipanda ndeke ya posta. Muzungu wangu alinipa ruhusa, nikakaa na magunia. Kutoka Albertville mupaka Usumbura ni saa moja na kidogo. Kisha Uvira, kisha kamiyo."

Wakacheka. Si kicheko kizuri. Yaya akamwambia, "Usumbura iko mbele yetu. Baraka iko katikati. We unapita kwako, unaenda mbali, kisha unarudia nyuma, na unatuambia njo njia ya mbio?"

Na hapo, nisiwafiche, hata mimi niliona yaya ana akili. Mume wangu akajitahidi. Alisema ndege haisimami kama kamiyo, haiwezi kushusha muntu barabarani kwa sababu amegonga bati. Inataka uwanja, na Baraka hakuna uwanja. Kwa hiyo muntu anapita juu ya mlango wake mwenyewe, anakwenda kushuka kwingine, na siku nzima inaisha kwenye kamiyo kurudi alipokwisha kupita. Alisema kamiyo ndiyo iliyomchelewesha, si ndege. Bazee wakaangaliana. Jambo lenyewe lilikuwa la kijinga mno kuwa uongo, na hilo liliwatia shaka zaidi.

Alikuwepo rafiki wa baba, mufugaji mmoja wa Bibokoboko. Alikuwa akituletea siagi tangu nikiwa mudogo, na baba akimpa samaki. Alikuja kilio na fimbo yake, akaomba ruhusa ya kusema. Swahili yake ilikuwa ya polepole. Akasema kule mlimani wanaiona ndege juu ya ziwa mara kwa mara. Inatokea kusini wakati anaanza kukamua, na kabla hajafika kwa ng'ombe wa tatu imepotea kaskazini. Yeye haoni ajabu muntu akienda nayo haraka hivyo.

Ungefikiri hilo lingesaidia. Baba mudogo alimshukuru, akamwuliza kwa upole tangu lini anajuana na mukwe. Akasema hawajuani. Baba mudogo akasema, "Aa." Na baada ya ile "aa" nikasikia mnong'ono umeanza, kwamba watu wa milimani na mukwe wamepatana nini. Maskini yule mzee hakurudi na siagi mwaka mzima.

Ndipo mume wangu akajimaliza mwenyewe. Alitaka waamini, akatoa alichoona. Alisema alipita juu yetu. Aliona rasi ya Ubwari imelala ndani ya ziwa kama mkono, aliona bati za misheni zinang'aa, aliona mahali nyumba ya baba ilipo. Alisema alipoiona alimwombea.

Baba mudogo akamwuliza taratibu sana, "Jua lilikuwa wapi?"

Mume wangu akanyoosha mkono. Sikumwona, nilikuwa nyuma ya ukuta, lakini nilijua mkono umeonyesha wapi, kwa sababu lubunga yote ilikaa kimya. Jua lilikuwa pale pale lilipokuwa baba alipokufa. Mukwe amesema mwenyewe, mbele ya watu, kwamba asubuhi ile alikuwa juu ya nyumba, anamtaja baba kwa jina.

Na mimi hapo mkono wangu uliacha sombe. Nilikumbuka. Nilikuwa nimemshika baba kichwa ili apumue, nikasikia ile kelele isiyo na adabu kutoka kusini, ikapita. Wivu wangu wote ukaanguka siku ile. Kama ndege ilipita, na yeye anajua ilipita saa ngapi, basi alikuwa ndani yake, hakuwa Mboko. Nilifurahi kwa muda mfupi kama mjinga. Kisha nikaelewa kwamba kinachomtoa Mboko ndicho kinachomweka juu ya kichwa cha baba yangu.

Wakaniita. Mwanamke haingii lubunga hivi hivi, nikasimama mlangoni. Baba mudogo akaniuliza kama nilisikia kitu asubuhi ile. Ningeweza kusema hapana. Watu wengine waliokuwa uani walikuwa wamesikia, wangenisuta. Nikasema yote kama yalivyokuwa.

"Ndeke ilipita, baba. Muzee aliniuliza ni nini. Nikamuambia ni ya posta. Akasema, ile ya bwana yako. Nikasema njo ile. Ikapita, ikaisha. Kisha muzee akaomba uji. Nikamupa, akakunywa, akasema umekosa chumvi. Njo akalala. Mulozi gani anapita, anaacha muntu anagombana juu ya chumvi?"

Watu hawakucheka, lakini mzee mmoja nyuma alikohoa kwa namna fulani. Baba alijulikana Baraka nzima kwa mambo ya chumvi. Baba mudogo alifikiri. Alikuwa muntu mgumu, hakuwa mbaya. Hakuweza kusema kwamba ninadanganya juu ya maneno ya mwisho ya kaka yake, na hakutaka kusema kwamba mukwe ni safi. Akatoa uamuzi wa katikati. Nitarudi na mume wangu, lakini kwa njia inayojulikana, kwa mtumbwi, lalo kwa lalo. Yaya atatusindikiza. Akifika Albertville atauliza watu huko, si mume wangu, watu, kama kweli alikuwa kazini siku zile na aliondoka lini. Ikiwa ni uongo, yaya anirudishe nyumbani. Na blanketi ibaki kwanza kama ushahidi. Ushahidi ule baba mudogo aliulalia tangu siku ile ile, maana mvua ilikuwa imeanza.

Tukasafiri na mfanyabiashara wa samaki. Safari ilikuwa ndefu na yaya aliifanya kuwa ndefu zaidi. Kila jioni tukifika ufukweni alimgeukia mume wangu: "Shemeki, hapa batu banalala. Unajua kulala, ao tukufundishe?" Kazimia alisema hivyo, Yungu alisema hivyo. Mume wangu alikuwa akitandika mkeka wake mbele ya watu wote, mahali pa wazi, na kujilaza mapema kabla hata bugali haijaiva, ili aonekane. Mimi nilikuwa nimekwisha kumwamini, lakini nilipomwona anajilaza kwa bidii namna ile, nikaanza kuwaza tena. Muntu asiye na kosa analala tu.

Albertville, yaya alifanya kazi yake kama polisi. Aliwaita wapakiaji mmoja mmoja, mbali na wenzao. Wote wakamwambia neno moja: alipata ujumbe wa masuwa, akaenda kununua blanketi, kesho yake asubuhi akapanda na posta. Yaya akaja kwangu, uso umekunjamana.

"Banajibu sawasawa," alisema. "Batu bote kujibu sawasawa, si mambo ya kawaida."

Nikamwuliza basi anataka nini. Hakujua. Mume wangu, aliyekuwa akinawa mikono, ndiye aliyesema, "Panda mwenyewe, shemeki. Utarudia kwenu leo ile ile, kisha ukuje kuniambia malalo yangu iko wapi."

Yaya alikataa kwanza. Kisha akaona ninamwangalia. Mume wangu akamwomba muzungu wake, ambaye alimpenda kwa sababu hakuwahi kuvunja kitu, na asubuhi moja yaya akasimamishwa juu ya mizani pamoja na magunia. Waliandika uzito wake. Yaya, kantonye mzima aliyevunja mawe ya barabara ya Fizi, alitoka juu ya mizani anashikilia suruali yake kama ingepaa bila yeye. Wakamwingiza katikati ya posta. Ile kitu ikapiga kelele, ikakimbia, ikaondoka. Nikabaki nimesimama pale, na sasa hofu yangu ilikuwa nyingine kabisa: akifika Baraka jioni, atasema nini?

Masuwa ilipita mara mbili bila habari. Mara ya tatu baharia akaleta neno la baba mudogo: mukwe hana neno, yaya amerudi na ameeleza vizuri, nikae na mume wangu. Nililia. Mume wangu alikwenda kununua nyama.

Miaka mingi baadaye, nchi imekwisha kuwa yetu, yaya alikuja kututembelea, na tulipokuwa tunakula ndipo aliposema ukweli. Alishuka Usumbura masikio yameziba, jua bado chini. Alisimama kando ya uwanja akafikiri: nikipata kamiyo, leo jioni niko Baraka, na baba mudogo ataniuliza ulilala wapi. Nitasema nini? Nitasema nilipita juu yenu?

Basi akaenda Uvira, pale karibu na Usumbura, akakaa. Alilala Uvira usiku baada ya usiku, mpaka malalo yote ya kutoka Albertville yalipotimia. Kisha akapanda kamiyo, akashuka kabla ya kufika Baraka, akazunguka nyuma ya mashamba kwa miguu mpaka akatokea upande wa Kazimia. Akaingia ziwani akalowesha suruali mpaka magotini, ili aonekane ametoka mtumbwini. Wakamwuliza, akawapa Kabimba, akawapa Yungu, akawapa Kazimia, na nani alimpikia. Hawakumwuliza la pili. Kisha akasema amechunguza, shemeki hasemi uongo. Na wakaamini lile kwa sababu ya haya mengine.

Mume wangu alicheka mpaka akaweka bugali chini. Walicheka wote wawili, wanapigana mabega. Mimi sikucheka. Nilimwuliza yaya huko Uvira alilala kwa nani usiku wote ule. Akasema kwa watu. Nikamwuliza watu gani, akaomba maji.

Nikakaa nikihesabu. Kama muntu anaweza kujificha Uvira, siku nzima na siku nyingine, na Baraka yote ikamwamini kwa sababu ya suruali yenye maji, basi kamiyo ya jioni ile nayo ilikuwa na nafasi yake. Nikamgeukia mume wangu.

"Siku ile ya kilio, kamiyo yenu ilisimama Mboko?"

Aliacha kucheka. "Ilisimama kidogo. Kupakia mihogo."

"Mihogo ya nani?"

Akamwangalia yaya, na yaya akaangalia sahani yake.